Jike la Siku ya Mwisho wa Mwaka

Knockabrack,
Fethard,
Tipperary.
3 Februari, 1991.

Mpendwa mwanangu Donnacha,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali uliko, wewe na Leanne na huyo mjukuu wangu Tess ninayemjua kwa picha tu. Je, hamjambo? Kikohozi cha Tess kimekwisha? Kwenye simu ya Krismasi ulisema kimepungua, lakini kupungua si kupona, na simu yenyewe ilikuwa inakatika-katika. Mpakeni dawa kifuani, na nyayoni pia, halafu mvalisheni soksi, hata kama huko ni joto. Najua Leanne atacheka. Acheke, lakini amvalishe.

Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Baba yako goti linamsumbua akipanda ngazi. Hasemi, ila namsikia anavyozitukana ngazi. Shangazi yako Concepta aliteleza kwenye barafu mlangoni mwa kanisa, akainuka mwenyewe, akamlaumu padri. Juzi ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Brigida, nikasuka misalaba ya matete kama kila mwaka, mmoja wa jikoni na mmoja wa banda.

Sasa nikuambie habari ya farasi, maana ndiyo iliyonikalisha hapa mezani. Baba yako anaogopa kukuandikia. Mimi pia naogopa, ila naandika. Subana amezaa. Amezaa jike. Mama mzima na mtoto mzima. Lakini amezaa tarehe thelathini na moja Desemba.

Najua umeshika kichwa. Nusu ya kila mtoto wa Subana ni yako tangu babu yako alipokuachia, na najua ile nyumba mliyoiona wewe na Leanne ilikuwa inamngoja mtoto huyu auzwe. 

Leanne akikuuliza una nini, mweleze kwamba huku kwetu farasi wote wa mbio huongezwa mwaka siku moja, tarehe mosi Januari. Awe amezaliwa Januari, awe amezaliwa Mei, hawaulizi. Basi wetu alizaliwa Jumatatu baada ya chakula cha mchana, na Jumanne asubuhi, hata kusimama anasimama kama meza mbovu, akawa na mwaka mmoja. Siku ya kupelekwa kwenye mbio za watoto atashindana na waliomtangulia karibu mwaka mzima. Ni kama kumpeleka Tess shuleni akashindane na wale wakubwa walioota meno ya pili.

Kosa ni la baba yako, na analijua. Alitaka mtoto wa mwanzo wa Januari, kwa kuwa wa mapema ndiye mkubwa na ndiye anayependwa na wanunuzi. Akampeleka Subana kwa dume siku ileile msimu wa kupandisha ulipofunguliwa, kwa pupa. Nilimwambia, "Con, mwache huyo bibi kizee, majani yaote kwanza." Akanijibu, "Wewe angalia kuku wako." Haya, naye Subana hakutimiza siku zake. Mtoto alitoka masikio yamelegea kama kabichi iliyochemka, manyoya laini kama hariri.

Na unavyomjua Subana, hakujificha. Farasi wengine hungoja watu walale. Yeye siku zote mchana kweupe, mbele za watu, kama anayesema tazameni. Mossie Looby, jirani yetu, alikuwa amekuja kurudisha ngazi, tukamkaribisha bata bukini. Tukatoka wote kwenda bandani. Mossie alipoona miguu imechungulia akatazama saa yake, akapiga kelele, "Mrudishe, bibi! Mrudishe ndani mpaka kengele za mwaka mpya!"

Baba yako akamwambia, "Nyamaza, Mossie, nisije nikakurudisha wewe kwa mama yako."

"Mama alisema nilitoka siku yangu hasa, Con. Sisi akina Looby hatuna haraka."

Nilicheka, Mungu anisamehe, huku machozi yananitoka. Daktari wa mifugo, Quirke, alikuja kabla giza halijaingia. Akasikiliza mapafu ya mtoto akasema ni mazuri. Akampima na mama, akanawa mikono, akatuambia huyu ndiye wa mwisho, tumbo la Subana limechoka, tusimpeleke tena kwa dume. Alipokuwa anaingia garini Mossie akamuuliza kama ameona leo ni tarehe ngapi. Akasema, "Mimi natazama farasi, bwana, sitazami kalenda." Akaenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisimama langoni nikimtazama huyu mnyama na kujiuliza mambo. Mwambie Tess kwamba tunamwita Subana kwa ajili ya alama nyeupe puani pake, ndogo kama subana ya kushonea. Babu yako alimpata kwa kuwa hakuna aliyemtaka. Mdogo, mguu wa mbele umepinda ndani. Alikimbia mbio za Thurles akawa wa mwisho. Akakimbia Clonmel akawa wa mwisho. Tramore hakukimbia kabisa, alisimama kutazama watu wanaokula chipsi. Babu yako akamrudisha nyumbani watu wakimcheka njia nzima.

Na angalia alichokuja kuzaa! Mwanawe wa kwanza, dume, akashinda mbio za Curragh, wale waliocheka wakasema walijua. Binti mmoja akanunuliwa kwenda Japani, wanawe wanashinda huko hadi watu wanalia. Wa pili yuko Kentucky. Wa tatu alikwenda Ufaransa, na binti yake huyo ndiye aliyewaacha wenzake kwenye mbio za Longchamp, unakumbuka, tuliposikiliza redio na baba yako akamwaga chai. Na kwenye kazi hii ndugu ni wa tumbo moja. Wa baba mmoja hawaitwi ndugu, maana baba ana watoto kila wilaya. Kwa hiyo ukoo wote ule uliotapakaa duniani unahesabiwa kwa huyu bibi wa mguu uliopinda anayekula majani nyuma ya nyumba yangu.

Sasa aliwapa nini? Mbio hakuwa nazo, mtu hutoa alichonacho. Baba yako anasema ni mapafu. Concepta anasema ni moyo, lakini yeye kila kitu husema ni moyo. Mimi nimeona jambo moja. Wawindaji wa mbweha wakipita na mbwa wao, farasi wengine hukimbilia pembeni. Subana huinua kichwa, akawatazama, akawafuata kwa macho mpaka kule wanakopinda, na hata wakishapotea bado anatazama pale kwenye kona. Nadhani yeye alitosheka kutazama, na watoto wake wao lazima wafike kwenye kona kabla ya wengine wakaone kuna nini. Usicheke. Wewe unafanya kazi na farasi, niambie kama huko umeona mwenye tabia hiyo. Kama wapo wa ukoo wake huko, natamani kujua.

Sasa nifike pale penyewe. Unamkumbuka Bwana Pettifer, yule dalali Mwingereza mwenye kofia ya manyoya. Vuli iliyopita aliegemea lango letu akasema, akizaliwa jike ni wangu, msimwonyeshe mtu mwingine. Ananunua kwa ajili ya tajiri anayetaka kushinda mbio kubwa za majike. Baada ya mwaka mpya akapiga simu kwamba anakuja.

Mossie akamwambia baba yako, "Sema alizaliwa mosi Januari. Nani alimwona? Mimi nilikuwa nimesinzia, bata alikuwa mzito."

 Wiki nzima baba yako alilifikiria. Nikamuuliza, "Con, utamwambia nini padri?" Akasema, "Padri ana mbwa wa mbio, atanielewa." Lakini alikuwa halali vizuri, nami nilikuwa silali nikimsikiliza asivyolala. Nikifumba macho naiona nyumba yenu. Nikifumbua namwona mwanamume ambaye hajawahi kumdanganya mtu hata akiuza ndama mgonjwa.

Pettifer akaja. Akamwona mtoto. Donnacha, ungemwona yule mtu! Alivua kofia. Masikio yalikuwa yamesimama sasa, miguu imenyooka, na mtoto akaja mwenyewe akanusa vifungo vya koti lake kimoja kimoja. Tukaingia jikoni, nikakata mkate wa soda, nikamimina chai. Halafu akanigeukia mimi, si baba yako, akasema, "Enhe, Bibi Tierney, amezaliwa lini huyu mrembo?"

Mossie alikuwepo, bila shaka, hakosi. Akaingiza uso kwenye kikombe kama aliyedondosha jino humo. Nikamtazama baba yako. Akanitazama. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa, aliniachia tu.

Nikasema, "Siku ya mwisho ya mwaka, bwana. Baada ya chakula. Tulikuwa tumekula bata."

Bwana Pettifer akaweka kikombe chini polepole. "Laiti usingeniambia, bibi."

"Si umeniuliza?"

"Niliuliza kwa adabu tu," akasema, na nilimwonea huruma kwa sababu alikuwa anamtaka kweli. Akamaliza mkate wake, akamwambia baba yako kwamba mwenye fedha zake hawezi kuchukua farasi aliyeanza maisha na mwaka mzima mgongoni. Akavaa kofia. Gari lilipotoka uani Mossie akalipuka: "Nuala! Wanawake wote wa Tipperary wanadanganya umri wao, wewe umeshindwa kudanganya wa farasi!"

Baba yako akamfukuza kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akabaki amekishika kitambaa, akaanza kukausha vikombe, yeye ambaye hajui kabati la vikombe liko wapi. Akasema, "Nilikuwa najiuliza kama ningeweza. Nashukuru hakuniuliza mimi." Basi. 

Hilo ndilo nililofanya, mwanangu. Sikukuuliza, na nusu ni yako.

Nina swali. Huko kwenu, kusini mwa dunia, farasi huongezwa mwaka mosi Agosti, uliwahi kuniambia. Nani aliyepanga? Na huyu mtoto akivuka dunia kuja huko kwa ndege, umri wake unapungua njiani au anabaki na ule wa huku? Mossie anasema angefika huko bado hajazaliwa. Muulize bosi wako, asidhani una mama mwehu.

Baba yako amempa jina Mkesha. Hatutampeleka kwenye mbio, itakuwa kumwonea bure. Atakula akue, na wakati wake ukifika, naye atakuwa mama hapa hapa. Watoto wake hakuna atakayewauliza mama yao alizaliwa tarehe gani. Nusu yao ni yako vilevile, ila itabidi ungoje, na najua nyumba haingoji.

Na sasa niseme hili nimalize, kabla sijaingiwa na woga. Jana nilikwenda kufunga lango nikawakuta wamesimama pamoja, Mkesha ameingiza kichwa chini ya tumbo la mama yake kwa sababu ya mvua. Nikawakumbuka wenzake. Mabinti wote wa Subana walichukuliwa. Kila aliyesimama vizuri, lori lilikuja, na yeye akabaki analia kwenye ua mpaka sauti ikakauka, nasi ndani tukijifanya hatusikii. Tulifurahi kwa ajili yao, wamefika mbali, majina yao yamo magazetini. Lakini hakuna hata mmoja ninayeweza kwenda kumshika shingo. Huyu angechelewa saa chache tu, lori lingekuja. Nilitaka kuihuzunikia nyumba yenu, na ninaihuzunikia kweli, Donnacha. Ila nilipokaza kitasa cha lango nilikuwa na furaha, nami sitakuficha.

Ukiwa umenikasirikia, usininyamazie. Andika umenikasirikia, niusome mwandiko wako.

Shangazi Concepta anakusalimu, anasema amekuombea, hasemi ombi gani. Mossie anakusalimu na kukuuliza kama huko mnahitaji mtu mwenye ngazi. Baba yako anakusalimu sana, amesimama nyuma yangu anajifanya anatafuta miwani. Mbusu Tess kwenye paji la uso, mpe Leanne salamu zangu, mwambie nampenda hata kama soksi hazivalishwi.

Mtakatifu Brigida awatandazie joho lake huko mliko, mlale salama, muamke wazima, mkila mshibe.

Mimi mama yako, nikupendaye mvua na jua,

Nuala.