Nyuklia na Senene wa Mabira

Baba, shikamoo.

Sauti ya senene wakigonga mabati ya mtego wa taa hapa Mabira haijanitoka masikioni. Jana asubuhi, tukiwanyonyoa mabawa, nilimweleza mwenyeji wangu, Ma Koku, kuhusu nafasi ya masomo niliyopata Ujerumani na ninachotafiti: Ujerumani wamezima mitambo ya nyuklia, Uganda na Rwanda wanataka kujenga, sisi tuna urani ardhini na bado tunatafakari.

“Mwanangu, waliozima walishashiba mwanga,” akasema. “Sisi jenereta ya kukodi ikizimika, senene wanahamia kwa jirani. Huko Ujerumani watakufundisha nini, kuzima?”

Nilicheka, lakini swali lake likanifuata hadi mjini.

Najua umeshawatangazia watu kanisani safari yangu ya Ujerumani. Nakuletea kopo la senene likupunguzie aibu: barua ya kuikataa nafasi ile niliituma jana hiyohiyo, nikiwa mjini Omurushaka.

Akupendaye,
Asimwe