Mkono na Kikombe

Kwako Kaka,

Salamu zangu zikufikie wewe, shemeji na watoto. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nami nikafurahi. Najua ningekuuliza mwenyewe kama ningekuwa napokea simu zako, na sababu ya kutozipokea utaiona hapa chini. Huku sote wazima. Mama anakula vizuri na kila asubuhi anagombana na redio yake, kwa hiyo ujue afya anayo. Karakana yangu ya fremu ina kazi, na mtaani bado wananiita Rula, kwa vile nilivyokuwa nikijigamba kwamba sijawahi kukosea kipimo.

Kaka, barua hii nimeianza mara nne.

Unazikumbuka zile picha tatu za baba, alizonunua siku shule ya zamani ilipouza vitu vyake. Picha za vita, lakini hakuna hata moja yenye bunduki inayofyatuliwa. Katika moja askari wa pande mbili wanafua nguo kwenye mto mmoja. Katika nyingine wanachimba makaburi pamoja. Ya tatu ndiyo uliyoipenda wewe: askari anammiminia adui yake maji, na yule adui amenyoosha kikombe cha bati. Tukigombana, baba alikuwa akitusimamisha chini ya hiyo, bega kwa bega, na hatuondoki mpaka mmoja amwombe mwenzake radhi. Mara nyingi ulikuwa wewe, hata kosa likiwa langu, maana mimi nilikuwa kichwa ngumu na wewe miguu ilikuwa ikikuuma. Siku moja ulimwuliza baba kama vita viliisha pale. Akasema havikuisha, ila yule mtu alikunywa.

Baba alipofariki hukutaka kingine ila picha hiyo. Nikakuomba uniachie kwanza, kwa kuwa fremu yake ililiwa na mchwa. Nilikutumia fremu mpya na kioo peke yake, na picha nikaiviringisha ndani ya bomba la kadibodi. Ukapiga simu kuuliza kikombe kiko wapi. Upande mmoja ulikuwa umekatwa, mkono haupo, kikombe hakipo, na maji yanamwagika chini bure. Nikasema kwangu ilitoka nzima, nikauliza ni nani aliyefungua kifurushi. Ukasema shemeji, kwa kisu cha jikoni. Nami nikasema basi, usimgombeze sana.

Miaka miwili sasa ukoo mzima unasema mkeo hana mkono wa kushika vitu vya watu. Nimekaa kwenye mazungumzo hayo nikiangalia viatu vyangu.

Wiki iliyopita shemeji alikuja karakana peke yake, picha na fremu yake amezifunga kwa shuka. Nilimpa kiti, akakataa. Alisema hakumbuki kukata kitu, lakini kwa kuwa sote tunasema ni yeye, basi amekuja kuniomba radhi mimi na marehemu, na kuuliza kama kuna namna ya kuitengeneza. Akasema kila ukipita mbele ya picha unamtupia jicho. Nikamjibu kwamba yamekwisha, aiache nitaitazama. Nilimsamehe, Kaka. Alipotoka nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nilikata mimi. Mbao nzuri nilikuwa nimebakiwa na moja tu, na nilipima huku napiga domo na mteja, nikaikata fupi kwa vidole viwili. Kazi yetu ina amri moja: kata mbao, kata kadibodi, picha usiiguse. Ningeweza kungoja mbao nyingine. Lakini niliona haya kukwambia Rula amekosea kipimo, nikaweka rula ya chuma juu ya picha ya baba na kupitisha kisu. Na ushahidi mlikuwa nao ukutani siku zote. Fremu ile imeikaa picha sawasawa. Kama ingekatwa kwenu, pangebaki pengo la vidole viwili. Nadhani shemeji aliliona hilo zamani, akanistahi.

Isome barua hii kwa sauti mbele yake na watoto, usiruke mstari. Mama nimemwambia leo asubuhi. Alizima redio yake. Jumamosi nitaileta picha mwenyewe, niitundike palepale, na nitasimama chini yake. Safari hii usiniombee radhi. Atakayesema niondoke ni shemeji, na akiamua nisimame mpaka jioni nitasimama.

Wabusu watoto. Mwambie shemeji namsalimu, kama bado anapokea salamu zangu.

Kile kipande sikuweza kukitupa. Kimelala ndani ya daftari langu la vipimo tangu siku ile, na sasa kimo humu kwenye bahasha. Umkabidhi yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Rula