Tisini Kabla, Tisini Baada

Baba Kulwa,

Nimewashinda wataalamu wote, na mwongozo wao nimeuandika upya kwa mkono wangu huu.

Naongopa. Nilipewa nafasi kidogo kwenye mkutano wao, kabla ya chakula, kisha nikanyang'anywa kipaza sauti. Lakini nilisema.

Tangu ututoke, wamekuja Kahama kuandaa mwongozo wa kupima kama faida ya tiba inalingana na gharama yake. Mashine ya hewa, ile iliyokuondolea kuhema kama mbuzi mgonjwa, wanataka kuifuta kwenye orodha. Ni ghali, wanasema, na mgonjwa hapati nafuu. Ushahidi? Karatasi mlizojaza nyie mlioharibiwa mapafu na vumbi la duarani, kwenye mashimo ya dhahabu.

Nikakulaani, rafiki yangu. Si unakumbuka yule nesi na mstari wake? Sifuri maiti, mia mzima kabisa, weka alama ulipo leo. Kiatu chako nakuvalisha mimi, wewe ukaweka tisini! Nilipokugombeza ukasema, "Mtoto wa watu kaniamkia vizuri, nimwambie nakufa?" Mashine ikaja. Ukalala chali, jambo ulilokwisha kusahau. Ukatembea mpaka kwangu, kuja kunitukana tu. Mstari ukaletwa tena. Tisini! Toa tisini kwenye tisini, mzee mjinga wewe, hiyo ndiyo nafuu yako kwenye vitabu vyao.

Nikawaambia: mmepima adabu yetu, mapafu hamjayagusa. Huku mtu yuko kwenye machela, ukimuuliza hali anajibu "mhola duhu", nzuri tu. Muulizeni analalaje, na miguu inamfikisha wapi. Wakacheka. Binti mmoja hakucheka, akaandika.

Mashine bado iko wodini, na Baba Nkwimba anaivuta sasa. Mwezi ujao wanaketi tena kuamua. Nitakuwepo. Wakinifungia mlango nitapitia jikoni na wapishi, na akifa mtu kwa ajili ya tisini yako, watanisikia mpaka Geita.

Aibu yangu hii hapa: nikitoka, daktari kaniuliza, "Hali yako, mzee?" Kiuno kinaniua. Nikamjibu nzuri.

Haya, pumzika. Kiti chako nakikalia mimi, na hakuna wa kunitukana. Miezi yote ile nilikubebea hicho kiti mpaka juani, hukunilipa. Nilipe hivi: ukinijia ndotoni, nikakuuliza hali ya huko, usinijibu nzuri tu.