Nati Nyekundu za Pikapu ya Kwanza

Mpendwa Baba Kui,

Nimeandika "mpendwa" kwa sababu nililelewa na adabu, usije ukajidanganya. Miaka sita hatujasemezana, na haya ningeweza kukutumia kimyakimya kwa simu. Lakini jina langu ulilifuta mbele ya watu, kwa hivyo nami nakujibu mbele ya watu, hapa mtandaoni.

Nimeona tangazo. Leo saa nne asubuhi, katika jengo lenu jipya katikati ya jiji, mnasherehekea historia ya kampuni. Ile pikapu nyeupe, gari la kwanza tuliloliunganisha, mmeipiga rangi upya na kuipandisha jukwaani. Chini ya picha yako mmeandika kwamba ulikaza kila nati kwa mikono yako mwenyewe. Mikono ipi, Baba Kui? Ile niliyoifunga bendeji ulipojaribu kufungua kreti kwa kisu cha jikoni? Nilicheka, kisha hasira ikanipanda hadi nikashindwa kumaliza chai.

Unaukumbuka ule uwanja wa mabati tuliokodi mtaa wa Satellite. Pikapu ilifika vipande vipande ndani ya makreti, na kitabu cha maelezo kilikuwa kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyejua hata neno moja. Wewe ulikuwa muuzaji, na ulimi wako ungemuuzia mtu gari ambalo bado liko melini. Aliyesomea ufundi wa magari ni mimi. Nilitandika chini shuka za harusi tulizopewa na shangazi, nikapanga vipande kwa kufuata michoro, nikaanza kazi. Ulinishikia tochi ukinipigia hadithi, nami nilikaza nati huku nikicheka chini ya gari. Nilikupenda sana siku zile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Tulipomaliza, nati tatu zilibaki kwenye shuka.

"Hizo ni za ziada," ukasema. "Hao watu huwekanga extra. Washa twende."

"Siwashi. Gari haibakishangi nati."

Ulininunia siku mbili, lakini niliifungua upya yote. Zilikuwa za usukani. Tungeondoka vile ulivyotaka, Kui angelelewa na shangazi. Kuanzia hapo nikaweka sheria: kila nati ninayoikaza inapakwa tone la rangi nyekundu ya kucha, ili iliyosahaulika ionekane mara moja.

"Sasa hata gari unaipaka makeup?" ukauliza.

Kisha tukaenda hadi Dagoretti Corner na kurudi. Mimi ndiye niliyeshika usukani. Wewe ulitoa mkono dirishani ukiwapungia watu kama mgombea ubunge.

Magari yote yaliyofuata yalitoka na rangi hiyo. Halafu wakaja wateja wakubwa wa kwanza, viongozi wa chama cha wakulima. Nilitoka chini ya gari na spana mkononi, grisi hadi kwenye kiwiko, na mmoja wao akauliza mimi ni nani.

"Huyu ni mama watoto," ukasema. "Ametuletea chai."

Nilikungoja ucheke. Hukucheka. Basi nikaiweka spana chini, nikaenda nikaipika hiyo chai. Hadi leo najilaumu kwa kila kikombe nilichowamiminia.

Wewe ulituacha ukahamia mtaa wa Loresho, na kampuni ikabaki yako. Mimi na Kui tukaja huku mtaa wa Woodley. Hayo ningekuachia, kweli. Lakini mwezi uliopita niliomba kazi ya kusimamia karakana mpya ya kuunganisha magari, kazi niliyoililia maisha yangu yote. Mzee mmoja kwenye jopo la usaili akafungua historia yenu kwenye simu.

"Madam, hapa jina lako haiko," akaniambia kwa upole. "Wanasema bwanako alijenga peke yake. Uko na kitu ya kuonyesha?"

Sikuwa nacho. Vitabu, picha, kila karatasi ulibaki nazo wewe. Wakanipa hadi Ijumaa, ambayo ni leo.

Jana Kui, binti yako, alipita hapo kwenu kuangalia maandalizi. Wafanyakazi wako walimkaribisha vizuri, mtoto wa bosi. Akajifanya amedondosha kipuli, akainama kuchungulia chini ya pikapu. Alinipigia simu akiwa bado ngazini. "Mum, iko! Chini hawakugusa. Zote bado ni red."

Basi nikawaambia wale wa jopo kwamba ushahidi wangu uko jukwaani kwako. Kumbe wote wana mwaliko wako. Watakuja na tochi. Wanahabari pia nimewaeleza waangalie wapi, na yeyote anayesoma hapa anakaribishwa kuinama.

Sitasema nimekusamehe. Nataka uaibike, Baba Kui, tena mbele ya kipaza sauti. Nataka wakuulize rangi ile ni ya nini, nami niwe nimekaa mstari wa mbele, kucha zangu nimezipaka hiyo hiyo, nikikungoja ujibu.

Ukiisoma barua hii mapema bado una muda wa kuifuta rangi hiyo. Ila itabidi uvue koti, ulale sakafuni na uingie chini ya gari, na sote wawili tunajua hujawahi kuingia huko.

Tuonane saa nne.

Ni mimi niliyekuletea chai,
Mama Kui