Mkemia wa Chumba cha Kufulia

Jumatatu, 4 Machi
Itangazwe kwa umma, na wenye kofia wazivue: leo saa nne na dakika kumi asubuhi, mimi, dobi wa hospitali, miaka hamsini na mbili, elimu yangu darasa la saba (nyuma kabisa, karibu na dirisha), nimemaliza sura ya tatu ya kitabu cha kemia. Cha bure! Binti yangu ndiye aliyenipakulia kwenye simu. Eti humo mna maktaba nzima, kazi kwangu. Nimesomea juu ya furushi la mashuka machafu, miwani nimeifunga kwa uzi.

Mama Pasi – miaka kumi na tisa tuko chumba kimoja, yeye pasi, mimi mashine – akauliza kama hiyo kemia inafundisha kukunja shuka. Maana hapo, kasema, bado niko chekechea.

Alhamisi, 7 Machi
Kumbe doa la damu halitaki maji ya moto! Linaiva, linashika. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiwapikia wagonjwa damu yao. Leo nimeanza na maji baridi – mashuka yametoka meupe pee. Msimamizi kapita, kayashika, kaniita Profesa. Ilikuwa dhihaka, najua. Hata hivyo jina nimetembea nalo hadi nyumbani. Mama watoto kaniambia nishushe mabega, nisije nikakwama mlangoni.

Jumatatu, 11 Machi
Sasa kutu. Vitanda vya wodi ni vikongwe, vinaacha alama kwenye mashuka. Nina dawa ya kung'arisha. Nina asidi ya kutoa kutu. Kila moja kitabu kimeisifia. Nikiziweka ndoo moja, si nitaua ndege wawili? Mama Pasi kasema nimuulize mtu wa maabara. Nikamwambia maabara ndiyo hii. Akacheka mpaka akaweka pasi chini.

Jumanne, 12 Machi
Mama Pasi yuko wodini. Anapumulia oksijeni. Amelala kwenye mashuka tuliyoyafua wenyewe.
Siandiki zaidi.

Jumatano, 13 Machi
Ndoo ilikutwa chini ya meza ya pasi. Basi msimamizi keshamaliza hesabu yake: meza ya nani? Ya Mama Pasi. Nani kachanganya dawa? Mama Pasi. Akitoka wodini atakuta barua ya kuachishwa kazi. Kanipa fomu, nijaze kama shahidi, mwisho Ijumaa.
Nikasema sawa, mkuu. Sawa!
Nyumbani nimemwambia mama watoto kwamba kosa ni la kitabu. Vitu vya bure ndivyo vilivyo, kurasa nyingine zimekatwa. Binti yangu alikuwepo. Akainua macho, akanitazama, akarudi kwenye sahani yake.

Ijumaa, 15 Machi
Asubuhi nilipanda wodini. Sauti ya Mama Pasi imebaki kama karatasi inayokunjwa. "Profesa, mtihani umepata ngapi?" Nikajaribu kucheka. Ya barua kashayasikia, muuguzi kamnong'oneza. Akasema yeye kabakiza miaka miwili tu astaafu, mimi ndiyo kwanza nimeanza kusoma, yaishe.
Kisha akanishika mkono wa shati. "Ila niambie kweli, baba. Kile kitabu hakikusema?"
Nikasema kurasa hazikuwemo.
Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Hilo ndilo baya.

Sasa niko kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi. Fomu iko gotini, tupu. Nijaribu kwanza hapa daftarini, ambapo hakuna anayesoma.

Kurasa zilikuwemo. Tatu nzima. Maandishi mekundu, na picha ya mtu kaziba pua. Hizo dawa mbili haziwekwi pamoja, hata tone. Kurasa hizo nilizipitisha kwa kidole gumba. Nilijiambia hizi ni za wasiojua kazi.

Jumanne nilimimina mwenyewe. Moshi ukapanda, wa manjano yenye ukijani, kifua kikaziba. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Sikupiga kelele. Sikumwambia mtu. Nilikimbia, mwanamume mzima, hadi kwenye kamba za kuanikia, nikasimama nyuma ya mashuka.

Mama Pasi alikuwa koridoni na toroli, nje kabisa, salama. Akaona moshi. Akadhani bado nimo. Aliingia kunitafuta mimi. Ndoo aliikuta, akaiburuta kuelekea dirishani, ikamshinda pale mezani kwake.

Karani kachungulia, kasema mkuu ananisubiri. Nimemwomba dakika moja. Imebaki sentensi moja, ngumu kuliko sura zote.

Nilimsikia akiniita, mara tatu, akikohoa, na sikuitika.