Mafuta ya Mkia

Alhamisi, Korogwe. Wingu limetanda tangu asubuhi, mvua hakuna. Niko kwenye mgahawa wa intaneti, jamaa wa pembeni anacheza karata kwenye kompyuta. Mikono yangu bado inanuka dizeli.

Leo tumewaua kondoo wote sita.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni msaidizi wa mifugo. Shirika la umma lililoniajiri lilipouzwa, tulipunguzwa kazi, nikakaa nyumbani mpaka watafiti walipokodi banda la shamba la mkonge lililokufa, huko Mnyuzi. Wanatafuta namna ya kumwoteshea titi mwanamke aliyekatwa la kwake kwa sababu ya saratani. Panya hafai, mwili wake ni mdogo mno. Ndiyo maana wakachukua kondoo. Kila mmoja alishonewa chini ya ngozi kibakuli laini chenye matundu, ndani yake kipande cha mafuta ya mkia wake mwenyewe. Tukasubiri mishipa ya damu iingie, mafuta yakue yakijaze.

Miezi yote hiyo nimewalisha mimi. Vidonda vyao nimeosha mimi. Walikuwa wanaijua sauti yangu.

Leo nimewachoma sindano ya mwisho mmoja mmoja, Daktari, mkuu wa watafiti, akipasua. Kwa watano wa kwanza mafuta yalikuwa yamekufa: maji ya njano na vidonge vigumu kama kokoto. Wa sita alikuwa na nyama laini, ya waridi, imejaa vizuri, ina damu.

"Njoo uone," Daktari akaniita. "Huyu amekubali."

Alikuwa ameshakufa.

Saa tisa akafika Yeyo Nashipai (yeyo ni mama kwa Kimasai), wa Kang'ata, aliyetuuzia kondoo hao. Alikuja Korogwe sokoni akasikia tunachinja. Mke wa mwanawe amejifungua juzi, na kwao mzazi hunywa mafuta ya kondoo ili apate nguvu. Mifugo yao yote imekonda kwa ukame.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba, mwanangu. Nyama sitaki. Nipe mkia mmoja tu."

Nikamwambia mikia hailiwi, ina dawa, lazima tuichome moto. Akaitazama ile mikia minene niliyoinenepesha mwenyewe, akauliza tumewaua kwa ajili ya nini. Nikamweleza habari ya wanawake waliokatwa matiti.

"Wewe umewahi kumwona hata mmoja?"

Nikasema sijawahi.

Nimedanganya. Ni mimi. Huu mwaka wa tatu natembea na kipande cha khanga nilichokunja ndani ya sidiria, upande wa kushoto. Anayejua ni dada yangu tu. Kazi hii niliiomba bila kumwambia Daktari, na kila nilipokuwa nabonyeza ngozi ya kondoo kuona kama kibakuli kimejaa, mkono wa pili ulitaka kwenda kifuani kwangu.

Kwa nini sikumwambia? Niliona aibu. Mtu ameomba mafuta ya mzazi, nami nayachoma kwa ajili ya titi langu.

Yeyo alisimama pale mpaka moto ukashika. Akaweka shuka lake sawa begani, akaenda barabarani kutafuta gari.

Mimi nikaendelea kumwaga dizeli.

Jioni Daktari alikuwa na furaha ambayo sijamwona nayo tangu tuanze. Anataka kondoo wengine, wengi zaidi, wa ukoo uleule, kwa sababu yule mmoja amekubali. Jumatatu natumwa Kang'ata kununua.

Nitakwenda. Lakini sitamwomba Yeyo hata kondoo mmoja kabla sijamwambia wanaenda kufa kwa ajili ya nani. Akikataa kuniuzia, nitarudi Mnyuzi nimweleze Daktari sababu. Yote.