Maswali Yako Niliyoyajibu Mimi

Mwanangu Kabula,

Kwenye ile miaka minne niliyokaa shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hujambo, halafu unasema mimi sijambo. Leo nimeruka hapo. Wewe siwezi kukuuliza, na mimi nikiandika sijambo nitakuwa narudia kosa lile lile lililonifanya nishike kalamu. Barua hii wataisoma na watu wengine, hasa wanaouguza. Nimekubali waisome.

Unaikumbuka asubuhi ile Sista Veneranda alipokuja na makaratasi yake. Ilikuwa wiki ya pili tangu tulazwe. Nilizoea kusema hivyo, tumelazwa, mpaka siku moja ukaniambia, "Mama, kitanda hiki ni cha mtu mmoja." Jirani yako wa kitanda cha dirishani akacheka, na mimi nikacheka, lakini sikuelewa ulichokuwa unasema.

Sista alivuta kiti akakaa. Hilo nililiona, maana wengine walikuwa wanasimama miguuni pa kitanda wakiongea na faili. Akatueleza kwamba mbali na kazi yake ya unesi anasoma, na anafanya utafiti juu ya wagonjwa wa saratani. Hataki kujua tu dawa zinafanya nini. Anataka kujua mgonjwa anaishije na ugonjwa wake, analala vipi, anaogopa nini, kitu gani kinampa raha hata kidogo. Akasema ukikataa hakuna atakayekununia. Ukachukua kalamu ukaweka sahihi yako ile yenye mkia mrefu, uliyokuwa unaiweka kwenye vitambaa vya wateja wako ulipokuwa unashona kule Mabatini.

Akauliza swali la kwanza. Wiki iliyopita maumivu yamekusumbua kiasi gani? Ukavuta pumzi ili useme. Mimi nikawahi. Nikasema, "Anaendelea vizuri, sista, tunamshukuru Mungu."

Mwanangu, sikuwa nadanganya. Wewe umekulia kijijini Usagara, unajua kwetu mtu akikusalimia unajibu kwanza salama, hata kama kuna msiba ndani. Unamkaribisha, anakaa, anapewa maji, ndipo unasema, salama ila mtoto anaumwa, salama ila ng'ombe wamekufa. Ile "ila" ndiyo yenye habari. Na mimi ila yangu nilikuwa nayo. Nilitaka kusema kwamba mgongo unakuuma mpaka unauma shuka kwa meno ili wa kitanda cha jirani wasisikie. Lakini karatasi haina nafasi ya ila. Sista alishaweka alama, akaenda swali la pili.

Basi na mimi nikaendelea. Unakula? Anakula, sista. Unajiona ni mzigo kwa ndugu zako? Nikamwambia mtoto hawi mzigo kwa mama yake. Maswali yote yalikuwa yako na yote nikayabeba, kama ninavyobeba ndoo mbili ili mwingine asichoke. Wewe ukageukia ukutani. Sista akaniangalia, akakuangalia, akafunga karatasi zake akasema atarudi siku nyingine.

Kuna jambo jingine sikuwahi kukwambia. Niliogopa. Katika ile hospitali ndogo tuliyoanzia, nesi mmoja alinifokea mbele ya watu nilipomwambia unaumia, akasema kwani mimi ndiye daktari. Toka hapo nikajiambia, Mayu, mama wewe, ukitaka mwanao aangaliwe vizuri, usiwe mama msumbufu. Kwa hiyo hata madaktari walipopita asubuhi nilikuwa wa kwanza kusema umeamka salama. Nilikuwa natabasamu kabisa. Na wao wakiona mgonjwa yuko salama wanaiacha dawa ya maumivu pale pale ilipo. Siku tano uliumia hivyo, Kabula. Nimezihesabu mara nyingi.

Madaktari walipoondoka siku ya tano ukaniambia, "Kesho hiyo sindano wakuchome wewe, si ndiye unayejua inauma wapi?"

Nikakunja shuka.

Mchana ukanituma nikakutafutie mchuzi wa samaki, wa sato, eti hamu imekushika. Nilifurahi kama mtoto aliyeagizwa dukani. Niliporudi nilikuta pazia limefungwa kuzunguka kitanda na viatu vya Sista vinaonekana chini, vimetulia, mwenyewe amekaa. Nikasikia sauti yako ndogo. Nikasikia unalia. Halafu, na hili ndilo lililonichoma, nikasikia mnacheka wote wawili. Nikasimama na chupa yangu ya mchuzi kama mgeni aliyefika nyumba siyo.

Jioni ile ile dawa ikaongezwa. Ile ya maji, chungu, uliyokuwa unaifinyia macho. Ukasinzia na jua bado liko juu ya ziwa, mdomo wazi, kama ulivyokuwa unasinzia mgongoni kwangu nikipalilia viazi. Nikashukuru. Na hapo hapo nikaona wivu. Ulipoamka nikakuuliza umemwambia nini Sista.

"Ya kwangu," ukasema.

Nikauliza tena kesho yake kwa ujanja, nikikusuka nywele. Ukasema, "Mama, suka."

Baada ya hapo tulipata wiki tano, na sitaki kusema zilikuwa mbaya. Sista alikuwa akija kukuogesha anakwambia kwanza anataka kufanya nini, sasa nainua mkono, sasa nakugeuza, hata siku ambazo ulikuwa hujibu. Siku moja akaja na pindo la gauni lake limefumuka, akakuuliza kama fundi yupo kazini. Akakuletea sindano na uzi mweupe. Mimi nikaanza, mikono yake haina nguvu, atajichoma. Sista akaniambia taratibu, "Mama Kabula, hebu tumuulize mwenyewe." Ulishona pindo lile ukiwa umelala chali, saa nzima, ukipumzika na kuendelea. Ulipomaliza ukamwambia mshono wa kwanza ulikuwa wa fundi wa ovyo, nani alimshonea. Siku hiyo hukuwa mgonjwa. Ulikuwa Kabula wa Mabatini anayewasema mafundi wenzake.

Tulikuzika nyumbani. Wiki chache baada ya watu kutawanyika nilipanda gari nikaenda mjini, nikamkuta Sista wodini. Nikamwamkia vizuri, nikampa michembe, viazi vyetu vya kukausha, niliyomletea, halafu nikamwomba aniambie ulichosema nyuma ya pazia. Akaniambia hawezi, alikuahidi. Nikapandisha sauti. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuzaa.

Akanishika mkono akasema, "Ndiyo, mama. Na yeye ndiye aliyesema."

Nilitoka pale nimemchukia. Niliichukia na michembe yangu. Unajua nilichokuwa nataka? Nilitaka kujua kama ulimwambia kwamba mama yako ndiye aliyekuumiza siku zile tano. Na kama ulimwambia, nilitaka kujua kama ulisema pia kwamba umenisamehe. Ni hilo tu. Nikienda shambani ni hilo, nikisonga ugali ni hilo.

Mwezi uliopita Sista akanipigia simu. Utafiti umekwisha, wanataka kuwasomea manesi na ndugu wa wagonjwa yale waliyoyakuta. Nikaenda. Tulikuwa ndugu kama ishirini hivi kwenye viti vya plastiki, manesi wamejaa nyuma. Akaeleza mambo mengi, mengine yamenipita. Halafu akasema atasoma maneno ya wagonjwa wenyewe, bila majina, kwa ruhusa yao.

Akasoma, "Maumivu nimeyazoea. Kinachonitesa ni kumwona anayeniuguza amejikunja sakafuni, nikiamka ananiambia amelala vizuri. Tunadanganyana wote wawili kwa sababu tunapendana."

Kabula, nilikujua. Nilisikia kabisa sauti yako. Nikafungua mdomo niseme huyo ni wangu. Lakini mzee mmoja wa Ukerewe niliyekaa naye alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, machozi yanamwagika, akaninong'oneza, "Huyo ni mke wangu. Ndivyo alivyokuwa anaongea." Nikatazama mbele. Mama mmoja amejifunika uso kwa kitenge. Kijana mwingine ameinamisha kichwa. Sote tulilala sakafuni pale, na sote tuliamka tukisema tumelala vizuri.

Nikamwambia mzee, "Pole sana, baba. Alikupenda." Nikamwachia maneno yale.

Sista alipouliza kama kuna ndugu mwenye neno, sijui nani aliniinua. Nikawaambia manesi wale mimi sijasoma, ila nina jambo. Nikawaambia sisi mkituuliza mgonjwa yukoje tutawajibu salama, kwa sababu tumelelewa hivyo, na kwa sababu tunawaogopa. Msiandike hapo. Kaeni, subirini. Na mkiona mama anamjibia mwanawe, mtumeni nje, hata akinuna. Nikawaeleza siku zile tano, zote, mbele ya watu. Hakuna aliyenifokea. Nesi mmoja mdogo alikuwa anaandika.

Niliporudi nyumbani shangazi yako alinipikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu, kwa kuwa ananipenda, akanifuta machozi akasema, "Basi, wifi. Kabula alishakusamehe siku nyingi."

Ni neno nililolitafuta toka tulipokuzika, mwanangu. Lilikuwa mbele yangu, tamu, nilichukue tu. Nikamwambia, "Wifi, hilo ni la Kabula kusema. Hakulisema."

Akanishangaa. Mimi mwenyewe nilijishangaa. Lakini ni kweli, sijui, na nimeamua kukaa na kutokujua kwangu bila kuweka maneno mdomoni mwako. Ninachojua ni cha upande wangu. Naumia, hasa asubuhi. Nakosa usingizi. Siku nyingine nacheka, halafu naona aibu kwamba nimecheka. Nakupenda, na nilikukosea, vyote kwa mkono mmoja.

Lala, mwanangu. Sina swali jingine.

Mimi, mama yako